Nimelala, Kama Nanyi Mmelala

Anayetaka kujifunza Kishona, lugha kubwa ya Zimbabwe, namwambia aache kwanza majina ya vitu. Kiti, mkate na barabara vitamngoja. Aanze na jibu la salamu ya asubuhi. Mwenyeji atamwambia "Mangwanani, marara here?", yaani kumekucha, je, mmelala? Jibu lake ni "Ndarara kana mararawo." Nimelala, kama nanyi mmelala.

Jua likishapita utosini salamu inageuka. "Masikati. Maswera sei?" Mmeshindaje? "Ndaswera kana maswerawo." Nimeshinda, kama nanyi mmeshinda. Na kwa saa yoyote, kwa mtu mliyepotezana mwaka mzima au mliyeonana jana tu, kuna "Makadii?", ambayo hujibiwa "Tiripo, kana muripowo." Tupo, kama nanyi mpo.

Mswahili akiitazama sentensi hiyo ya mwisho kwa utulivu ataona kwamba nusu yake anaijua tangu utotoni. Ile -po ya tiripo ndiyo -po ya tupo. Ile kana ni neno letu "kama", lile la sharti, lenye maana ya iwapo, na bado tunayo hai katika "kana kwamba". Kinachobaki ni -wo ya mwishoni, yenye maana ya "pia" au "nanyi", na hiyo ndiyo ninayotaka watu waipende, maana Washona huitia karibu katika kila jambo la adabu. Ndokumbirawo mvura, naomba maji. Ndipeiwo munyu, nipeni chumvi. Iondoe hiyo -wo, na ombi linakaribia kuwa amri.

Mimi ni mtu wa Songea. Nimeolewa Gutu, katika mkoa wa Masvingo, na makazi yetu ni Harare, kwenye mojawapo ya ile mitaa ya watu wengi ambayo hapa huitwa marokesheni. Ndugu zangu huniuliza lugha ya huku ikoje, na mara nyingi wanataka niwape maneno kumi ya haraka. Maneno kumi siyo tabu. Tabu ni kwamba salamu za Zimbabwe hazikuumbwa zisemwe na mtu mmoja. Zina pande mbili, na upande wa pili ndio wenye uzito.

Zipo siku sharti lile la salamu halitimii, na siku hizo ndipo unapojua kuwa halikuwa pambo. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka yakipenda, kwa hiyo asubuhi tunakutana kwenye chibhorani, kisima cha pampu, ndoo zikiwa zimepangwa foleni na wenyewe wamekaa pembeni. Asubuhi moja jirani yangu alifika amejifunga kitenge juu ya nguo ya kulalia. Nikamwambia, "Mangwanani, marara here?" Akajibu, "Hatina kurara." Hatukulala. Mtoto wake alikuwa na homa usiku kucha. Mama aliyekuwa akipampu aliachia mpini akamuuliza mtoto amepewa dawa gani. Mwingine akasogeza ndoo yake nyuma, na wa mbele yake naye akasogeza yake, mpaka ndoo ya jirani yangu ikafika chini ya bomba. Hakuna aliyeomba wala aliyetangaza lolote. Na mimi, ilipofika zamu yangu ya kujibu, sikusema ndarara. Nimelala kama nawe umelala. Yeye hakulala, basi na mimi sikuwa na la kusema juu ya usingizi wangu. Nilimuuliza nimsaidie nini.

Kwetu Tanzania kuna jibu linalokaribia hili: "Nzuri, sijui za kwako?" Naipenda sana hiyo "sijui". Ni kukiri kwamba habari zangu peke yake hazijakamilika. Lakini Kiswahili huuliza kwanza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za safari, kimoja kimoja, na kila kimoja kina "nzuri" yake. Kishona hukusanya yote katika kitenzi kimoja na kuyafunga kwa sharti.

Jambo la pili humpa Mswahili shida zaidi. Ile ma- ya marara na maswera haimaanishi kwamba unaongea na watu wengi. Ni ya mtu mmoja anayestahili heshima. Sisi heshima tumeiweka kwenye shikamoo na katika jina la undugu, kisha kitenzi tumekiacha kilivyo: "Shikamoo babu, umeamkaje?" Kwa Mshona babu huyo ni wengi. Baba akifika nyumbani watoto husema "Baba vauya", baba wamekuja. Redioni, kiongozi hutajwa kwa Va- mbele ya jina lake. Rika langu naweza kumwambia "Warara here?" au "Wakadii?", na vijana wa mjini husalimiana "Uri bho?", lakini kumwambia mama mkwe "wakadii" ni kumvunjia heshima mbele ya ukoo mzima, hata kama umesema kwa sauti ya upole na umepiga magoti hadi chini.

Kindebele, lugha kubwa ya upande wa magharibi wa nchi, kinafuata kanuni hiyo hiyo kwa njia yake. Mwenzio utamwuliza "Unjani?" Mkubwa utamwuliza "Linjani?", kana kwamba amekuja na watu wake. Naye atajibu "Sikhona", tupo, japo amekaa peke yake kivulini. Tiripo, sikhona, tupo: mtu anajibu kwa niaba ya nyumba yake.

Mtoto wetu wa kwanza amekulia ndani ya adabu hiyo. Alipoanza kuongea na mama yangu kwa simu alimwambia, "Shikamoo bibi, mmeamkaje?" Mama akamjibu marahaba, kisha akamwambia yeye ameamka, lakini wengine bado wamelala. Sikumrekebisha mtoto. Mpaka leo bibi yake wa Songea ni "nyinyi", na mama yangu ameanza kuipenda.

Majina ya undugu, kwa upande mwingine, ni zawadi kwa mtu anayetoka kwetu. Kaka mkubwa wa baba ni babamukuru, baba mkubwa. Mdogo wake ni babamunini, baba mdogo. Dada mkubwa wa mama ni maiguru, mdogo wake ni mainini. Shangazi ni tete, na tete wa Kishona ana sauti katika ndoa za watoto wa kaka yake ambayo shangazi wa kwetu pia angeitambua. Babu ni sekuru, na neno hilo hilo ndilo la mjomba. Mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto: Mai Tendai, Mama Tendai. Wandebele nao husema NakaThemba, mama yake Themba. Mtu wa Ilala au wa Likoni akiambiwa hayo haitaji maelezo.

Mimi kwa wakwe zangu ni muroora, mkaza mwana, na salamu ya muroora ina mwili wake. Tukifika Gutu hatusalimiani getini. Tunaitikiwa kwa "Mauya!", mmekuja, nasi tunajibu "Tauya", tumekuja, kisha tunaingia jiko la msonge na kila mtu anakaa mahali pake, wanaume kwenye benchi lililojengwa kwa udongo kando ya ukuta, wanawake chini mkekani. Watu wakishatulia ndipo salamu huanza. Ninapiga magoti mbele ya baba mkwe, napiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa kidogo na kupishana, hivi kwamba sauti yake hutoka nzito na ya chini. Wanaume hupiga kwa viganja vilivyonyooka, vidole vikielekeana, na sauti yao ni kali zaidi. Nasema, "Maswera sei, baba?" Ananijibu, na muda wote anaojibu mimi naendelea kupiga taratibu. Kisha mama mkwe. Kisha baba mdogo. Kisha mtoto wa baba mdogo ambaye amesimama mlangoni na anataka kwenda kucheza, lakini naye lazima asalimiwe, kwa kuwa kwa mkaza mwana hakuna mtu mdogo katika nyumba hiyo.

Wapo wenzangu, wanawake wasomi wa mjini, wanaoona kupiga magoti ni kushushwa. Nawasikiliza na nawaelewa, kwa sababu heshima ambayo hutolewa upande mmoja tu huoza haraka. Kwangu mimi kipimo kipo katika jibu. Baba mkwe hajawahi kunijibu akitazama kwingine. Ananiita amai, mama, na ananisemesha kwa wingi, yeye mzee wa mvi na mimi niliyekuja juzi na sanduku langu. Wingi ule unakwenda na kurudi. Pale ambapo haurudi, wenzangu wana haki ya kulalamika.

Na kushukuru. Vitabu vidogo vya wasafiri hufundisha "ndatenda", asante, na hakuna ubaya. Lakini mtu akikupa kitu kwa moyo, shukrani yenyewe humtaja kwa mutupo, yaani mnyama au kiungo kinachobeba ukoo wake na ambacho kwa desturi hakili. Kuna Shumba, simba, Nzou, ndovu, Soko, nyani, Moyo, Dziva, ziwa, Hungwe, ndege tai mla samaki, Mhofu, yaani pofu yule swala mkubwa. Watu wa Gutu ni Gumbo, mguu, na jina lao la sifa ni Madyirapazhe. Baba mkwe akituma gunia la nyimo, njugu mawe, simwambii asante baba. Nasema "Maita Gumbo. Maita Madyirapazhe." Mmetenda, enyi Gumbo. Mama mkwe yeye alitoka katika ukoo wa Mhofu, na mwanamke wa ukoo huo huitwa Chihera. Kwa hiyo meza moja, chakula kimoja, na shukrani mbili: "Maita Gumbo" kwa aliyenunua nyama, "Maita Chihera" kwa aliyepika. Wanawake wa Chihera wanasifika nchi nzima kwa kutoburuzwa na mtu, na mama mkwe akiitwa hivyo hukaa wima zaidi kidogo kwenye mkeka wake.

Ukishukuru namna hiyo unamshukuru aliyekupa pamoja na waliomzaa. Kwa hiyo mgeni asiyejua mutupo wa mwenyeji wake aulize. Hakuna atakayemcheka. Washona wenyewe wana methali, "Kuziva mbuya huudzwa": kumjua mama mkwe ni kuambiwa.

Methali za Kishona, kwa kweli, ndizo zilizonifanya nijione nipo nyumbani kabla sijaweza kununua nyanya. "Chara chimwe hachitswanyi inda." Kidole kimoja hakivunji chawa, haijabadilika hata chawa. Na kuna hii inayosemwa kwa mtu anayekaa kimya na shida yake: "Mwana asingachemi anofira mumbereko." Mtoto asiyelia hufia mbelekoni. Mbereko, mbeleko. Mume wangu alinitamkia mara moja tu, nikaielewa.

Sokoni mambo ni mepesi. "Imarii?" ni bei gani, na ndani yake kuna mari, pesa, jirani wa mali yetu. Mvura ni maji na pia ni mvua. Huku ni kuku, mbudzi ni mbuzi, nzungu ni karanga. Ukiulizia sukari na imekwisha, muuzaji wa soko la Mbare, Harare, atakuambia "hapana", hilo hilo, kwa maana ile ile ya kutokuwepo. Hakuna ni hakuna. Hatina ni hatuna. Kitu kinachogoma ni ulimi katika sv na zv, sauti za mluzi zisizo na mfano kwetu: kusvika, kufika, zvakanaka, vizuri. Anza na zvi- kwa sababu ndiyo vi- yetu, kama chi- ilivyo ki-: chigaro na zvigaro, kiti na viti. Midomo ijikusanye, ulimi ukaribie meno, hewa ipite kwa shida. Watoto wangu huitoa bila kufikiri. Mimi bado naiandaa.

Daladala za huku zinaitwa kombi, na konda ni hwindi. Zimbabwe ilipoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2009, baada ya pesa yake kuangamizwa na mfumuko wa bei, noti zilikuwepo lakini sarafu ndogo hazikuwepo. Sarafu za bond, za Zimbabwe yenyewe zenye thamani ya senti za dola, zililetwa mwishoni mwa mwaka 2014, na hata baada ya hapo chenji imekuwa ikitoweka na kurudi. Basi hwindi huwaunganisha abiria: wewe unadai chenji ya nusu dola, na yule wa dirishani nusu, anawapa noti moja ya dola na mtajuana wenyewe mkishashuka. Nimeshuka namna hiyo na watu nisiowajua, tukasimama kando ya barabara na noti moja mkononi. Kinachotangulia siku zote ni salamu. "Maswera sei?" "Ndaswera kana maswerawo." Baada ya hapo ndipo tunatafuta muuza ndizi wa kutuvunjia noti. Ni vigumu kumdhulumu nusu dola mtu uliyemwambia dakika iliyopita kwamba umeshinda salama iwapo naye ameshinda salama. Inawezekana, naam. Ila ni vigumu.

Kishona kinachofundishwa shuleni ni kitu kilichokubaliwa mezani. Ukienda Mutare utakutana na Kimanyika, kaskazini Kikorekore, Masvingo Kikaranga, ambako kwa wakwe zangu "makadii" huwa "makadini", na maeneo ya Harare Kizezuru. Mtaalamu wa lugha Clement Doke ndiye aliyetoa mwaka 1931 ripoti iliyopendekeza lahaja hizo ziunganishwe katika maandishi ya namna moja. Mwaka mmoja nyuma yake, 1930, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu walikuwa na yao ya kusema kuhusu uamuzi ule. Mama mkwe wangu naye ana yake kuhusu watangazaji wa Harare, na huwa simpingi.

Sasa Bulawayo. Ni kilomita 440 hivi kutoka Harare, na wifi yangu ameolewa huko, kwa akina Ndlovu. Huko salamu ni "Salibonani", tumewaona. Inajibiwa "Yebo, salibonani." Kisha "Linjani?" na "Sikhona, linjani lina?" Asubuhi ni "Livuke njani?", mmeamkaje, mchana ni "Litshone njani?", mmeshindaje. Asante ni "ngiyabonga", samahani ni "uxolo", na unapokaribia boma la mtu huingii kimya, unaita "Ekuhle!" mahali ambapo sisi tungeita hodi. Kuagana ni "hambani kuhle" kwa anayekwenda na "salani kuhle" kwa anayebaki. Sikio la Kiswahili husikia mtu akihimizwa kusali, kumbe anaambiwa asalie vyema. Na kwa kuonana tena, ziweke tatu pamoja: tutaonana, tichaonana, sizabonana.

Ugumu wa Kindebele ni vidoko, zile sauti zinazoandikwa kwa c, q na x. Ngicela amanzi, naomba maji: kwenye c ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya mbele na kuvutwa ghafla, mlio ule wa mtu anayesikitika. Kwenye uxolo, ubavu wa ulimi ndio unaoachia. Wale viwavi wa mti wa mopane waliokaushwa, ambao Harare ni madora, Bulawayo ni amacimbi, na muuzaji atakusubiri utamke kabla hajakupimia. Mtanzania asiogope. Wasandawe wa Dodoma na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamekuwa na sauti za aina hii tangu zamani, nasi tunaishi nao nchi moja.

Lakini kuna jambo zito zaidi kuliko vidoko, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Watu wengi wa Bulawayo wanajua Kishona. Unaweza kuishi pale miaka ukiwa na "makadii" yako na ukahudumiwa. Nakuomba usifanye hivyo. Kati ya mwaka 1983 na 1987, katika yale yanayoitwa Gukurahundi, Brigedi ya Tano ya jeshi iliua maelfu ya raia wa Matabeleland, nchi ya Wandebele, na sehemu za mkoa wa Midlands. Askari wake wengi walikuwa wasemaji wa Kishona. Wanakijiji walikusanywa na kulazimishwa kuimba nyimbo za Kishona huku ndugu zao wakipigwa na kuuawa. Mkataba wa Umoja ulitiwa saini tarehe 22 Desemba 1987 na Robert Mugabe, aliyekuwa waziri mkuu, na Joshua Nkomo, kiongozi wa chama cha ZAPU, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa, lakini waliokuwa watoto wakati ule leo ndio wanaouza mboga, wanaofundisha, wanaoendesha kombi. Lugha haina hatia. Mume wangu, aliyezaliwa Gutu, hana hatia. Hata hivyo akishuka basi Bulawayo husema "Salibonani" kabla ya kusema neno jingine lolote, na alinifundisha mimi hivyo kabla hata hajanifundisha njia ya kwenda kwa dada yake.

Katiba ya mwaka 2013 imetambua lugha rasmi 16, na si Kishona, Kindebele na Kiingereza peke yake: Kikalanga, Kitonga, Kivenda, Kindau, Kinambya, lugha ya alama na nyingine. Ni jambo jema, na nalishangilia. Bado wazazi wa Matabeleland wanalalamika kwamba watoto wao wa madarasa ya chini hupangiwa walimu wasiojua lugha ya nyumbani kwao, na nadhani wana haki kabisa. Mtoto wa miaka sita anayeingia darasani na kusalimiwa kwa lugha asiyoijua hajasalimiwa.

Kinachonipa moyo kimejificha kwenye majina ya watu. Mzilikazi wa ukoo wa Khumalo alipovuka Limpopo mwishoni mwa miaka ya 1830 na kuanzisha ufalme wake, alikuta watu, wakiwemo Wakalanga na Warozvi, na wengi wakaingizwa katika taifa jipya. Waliingia na mitupo yao, na mitupo ikatafsiriwa. Shumba akawa Sibanda. Nzou akawa Ndlovu. Soko akawa Ncube. Ndiyo maana leo mtu wa Murehwa anayeitwa Soko akikutana na Ncube wa Bulawayo wanaweza kuitana ndugu. Moyo hata kutafsiriwa hakukuhitajika. Yupo pande zote mbili.

Wandebele nao hushukuru kwa ukoo. Kwa Khumalo hutasema ngiyabonga ukaishia hapo, utasema "Ngiyabonga, Mntungwa." Majina hayo ya sifa huitwa izitemo. Mara ya kwanza nilipoenda kwa wifi, mama mkwe wake, gogo, yaani bibi, mwenye miwani mizito, alipokea kanga nilizomletea kwa mikono miwili, akaziweka mapajani, akaniuliza isibongo changu, jina la ukoo. Nikamwambia kwa baba yangu sisi ni Gama, Wangoni wa Songea. Akaondoa miwani. Akataka nirudie.

Ilibidi nieleze, na wifi akatafsiri. Kwamba Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, naye aliondoka kusini wakati wa vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu, akapita katika nchi hii hii, akavuka Zambezi mwaka 1835 na kwenda kufia mbali kaskazini. Kwamba waliomfuata walisambaa, na baadhi yao wakafika Songea. Kwamba lugha yao ilimezwa na lugha za huko, lakini mtawala wetu tuliendelea kumwita Nkosi, na Nkosi Mputa Gama alinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, wakati wa vita vya Maji Maji. Gogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga makofi mawili, akasema, "Ngiyabonga, Gama," akanisogezea sahani ya amacimbi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta ya kupikia.

Mwezi wa nane tunarudi. Mtoto wa kiume wa wifi anapeleka mahari, na kwa kuwa mume wangu ndiye malume wake, mjomba, mimi nitakuwa miongoni mwa wanawake watakaopokea wageni na kushukuru kwa niaba ya akina Ndlovu. Gogo ameagiza nije nikizijua izitemo zao. Wifi ananitumia kwa sauti kwenye simu, chache chache, nami nazirudia jikoni huku nakoroga sadza, ugali wa huku. Mpaka jana nilikuwa nimeshika "Gatsheni" bila kusita. Inayofuata ina kidoko katikati, na wifi amenirudishia ujumbe wangu akisema nitamke tena, polepole.